Si Dawa, Jamani

Wenzangu mnaobaki kituoni, siku ile ya kuniaga mlinisimamisha mbele ya sahani ya biriani iliyokuwa ikipoa, mkaniambia, "Bi Tumu, tuachie maneno." Maneno! Miaka yote nilikuwa nayo mdomoni na hakuna aliyeyataka. Nikisema mlango wa chumba cha baridi usiachwe wazi, waachwa wazi. Nikisema samaki wasitiwe kwenye friza ya majani, nafungua friza majani yananuka ngisi. Leo nimestaafu ndipo mwataka maneno. Haya, kaeni kitako msome. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa, hazina ladha. Nitawaeleza habari ya chupa moja ambayo nusura itufungie kazi sote, na nyinyi msingepata hata huo mlango wa kuuacha wazi.

Kwanza niondoe linalonikera tangu ujana. Kazi yangu ilikuwa kupima jinsi nyasi zinavyohimili baridi. Hapa hapa, nyuma ya Msambweni. Nimeulizwa habari hiyo arusini, matangani, kwa fundi wa nguo, mpaka kwenye foleni ya hospitali nikiwa nimeshika shavu kwa jino. "Wafanya kazi gani, Bi Tumu?" Napima baridi ya nyasi. "Wapi?" Hapa. "Baridi ipi hapa?" Shangazi yangu alielewa kuwa nimepata kazi ya barafu, akaniagiza magunia mawili ya arusi ya mwanawe. Nilipomwambia kwetu si barafu ya kutia kwenye sharubati alininunia mpaka mwezi wa Ramadhani ukaandama.

Nitalisema mara ya mwisho, kisha msiniulize tena. Huko bara, kwenye milima ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kuna asubuhi umande huganda juu ya malisho, pakawa peupe kama pamemwagwa chumvi. Hiyo ndiyo jalidi. Jua likipanda, nyasi zinageuka rangi ya chai ya rangi, na ng'ombe wa watu walala njaa. Sasa huku kwetu tuna ukoka. Ule uotao kando ya mikoko hunywa maji ya chumvi, huchomwa na jua, na haufi. Walioanzisha kituo wakajiuliza: nyasi iliyozoea taabu ya chumvi, yaweza kuhimili na taabu ya baridi? Na kwa kuwa ukoka wenyewe uko huku, chumba cha baridi kikajengwa huku. Ni jambo la ajabu hilo? Si la ajabu.

Siku yangu ya kwanza nilivaa buibui jipya, nikafika mapema, nikamkuta mkubwa wetu, Daktari Mutiso, amechutama anapanga vyungu vya ukoka. Alikuwa Mkamba, amenunua shamba huku kwenye ardhi ya walowezi, analima mahindi ambayo sikuwahi kuona yakizaa. Nikamwamkia kwa adabu zangu zote, "Shikamoo, Daktari."

"Poa," akasema.

Poa! Mtu mzima, mwenye mvi, anaamkiwa shikamoo anajibu poa. Nilitaka nirudi nyumbani pale pale. Halafu akanirushia sweta la sufi, zito, linanuka nondo, na nje jua lilikuwa likikaanga mabati. "Vaa, tunaingia." Nikadhani ananifanyia mzaha. Alipofungua ule mlango mzito nikaipata baridi ya bara usoni, na machozi yakanitoka. "Sasa umejua," akasema. Tuliingia na kutoka siku nzima, sweta juu, sweta chini, na jioni nikapata mafua nisiyowahi kupata tangu nizaliwe.

Lakini mtu huyo alijua kufundisha, na hili simnyimi. Alinikalisha juu ya debe akanionyesha shina la ukoka. "Mwanatumu, mmea hauna miguu. Ng'ombe akiona shida anakimbia. Nyasi inakaa hapo hapo. Kitu inaweza kufanya ni kutuma habari ndani kwa ndani, kutoka mzizi mpaka jani. Hiyo habari ndiyo inaitwa homoni." Akaniambia homoni ziko nyingi. Kuna ya kurefusha, hiyo inaambia nyasi, haya kua, maji yapo, jua lipo. Na kuna nyingine ambayo jina lake la kitaalamu lilinivunja ulimi, hiyo huongezeka mmea ukipatwa na kiu, au chumvi, au baridi. Inaambia nyasi, acha kukua, funga vitundu vya majani, weka sukari akiba, jikaze. Mimi nikaziita homoni ya raha na homoni ya shida. Daktari alicheka, lakini baada ya wiki naye akawa aziita hivyo hivyo.

Wazo lake lilikuwa jepesi hata mtoto angelielewa. Ukoka wa kando ya mikoko una homoni ya shida tele kwa sababu ya chumvi. Ukoka wa bustani za hoteli za Diani, unaomwagiliwa maji matamu asubuhi na jioni, hauna shida yoyote, una raha tupu. Tukiutia baridini, ule wa mikoko ulisimama na ule wa hoteli ulikufa. Hilo tuliliona mapema. Lakini je, ni homoni kweli iliyouokoa, au ni mambo mengine? Njia ya kujua ni moja: unyunyizie ukoka wa hoteli homoni ya shida kutoka chupani, kisha uutie baridini. Ukisimama kama mwenzake wa mikoko, basi ni homoni. Ukifa, hatujui kitu.

Na kuupata huo ukoka wa hoteli, msione vile. Nilikwenda Diani na jembe na gunia, nikakuta kijana wa bara langoni amevaa sare. "Madam, unataka nyasi? Si nyasi ziko tu kila mahali?" Nikamwambia nataka za hapa. "Hizi ni za wageni, bana." Nikamwuliza wageni wazila? Akaenda kumwita mkubwa wake, naye mkubwa wake, na mwisho nikapewa kipande kidogo nyuma ya jiko, chenye maganda ya mayai.

Kupima kwenyewe mmekufanya, lakini mwakufanya kwa haraka, kwa hiyo narudia. Kabla ya kuganda, mmea uzoezwe kwanza kwenye ubaridi wa kiasi. Ukiutoa juani ukautupa kwenye baridi kali utakufa hata uwe na homoni ya ulimwengu mzima, kisha utaandika uongo. Baadaye ndipo unakata majani, unayatia kwenye vichupa vyenye maji yasiyo chumvi, kama yale ya betri, unayagandisha pole pole. Jani lililoumia huvuja. Chumvi yake hutoka ikaingia majini, nayo mita huionyesha. Kisha unayachemsha majani yale yale yatoe chumvi yote, unapima tena, ndipo wajua lilivuja kiasi gani katika yote liliyokuwa nayo. Mutiso alikuwa akisema, "Usiamini macho, jani ni laghai. Amini mita." Na mita iliharibika kila tulipoihitaji, na umeme ukikatika ilikuwa mbio na jenereta, na jenereta haina dizeli kwa sababu dereva kaitia kwenye gari. Astaghfirullah! Nikikumbuka kichwa chaniuma.

Sasa chupa. Homoni ilikuja unga mdogo sana kutoka mbali, ikayeyushwa kwenye spiriti, ikawa chupa moja kubwa ya mchanganyiko mzito. Tulikuwa tukichota kidogo na kukichanganya na maji mengi kila tulipotaka kunyunyizia. Daktari akasema kila chupa iandikwe kwa Kiswahili, ili wafanyakazi wote waelewe. Sawa. Nikaandika mimi, kwa mwandiko mzuri: DAWA YA NYASI.

Msinicheke. Ilikuwa dawa, na ilikuwa ya nyasi. Lakini tulikuwa na mlinzi wetu wa langoni, Juma, ambaye pia kazi yake ilikuwa kufyeka majani pale getini, kazi aliyoichukia kuliko kifo. Juma akaona DAWA YA NYASI. Naye Juma ajua, kama kila mtu ajuavyo, kuwa dawa ya mbu huua mbu, dawa ya panya huua panya. Akachota, akajaza bomba, akanyunyizia geti lote, akakaa kwenye kiti chake angoje majani yafe.

Majani hayakufa. Hayakukua pia, yalizubaa tu, na yalikaa hivyo siku nyingi. Juma akaja kunishitakia. "Bi Tumu, dawa yenu mbovu. Mmeuziwa maji." Nikamwambia, "Juma, na dawa ya meno je? Yaua meno?" Akafikiri kidogo, akasema, "Hiyo ni ya meno. Hii ni ya nyasi."

Daktari akasema jina libadilishwe. Dawa hii yasaidia nini? Yasaidia baridi. Basi akachukua kalamu yeye mwenyewe akaandika: DAWA YA BARIDI. Nikamwambia, "Daktari, hilo halifai. Kwetu huku mtu akisema ana baridi, ana maana ya baridi yabisi, ugonjwa wa viungo." Akanitazama. "Mwanatumu, hii ni maabara. Nani atakuja hapa na magoti?" Sikio la kufa halisikii dawa, walisema wazee, na sijui kama walikuwa na maabara.

Ukafika msimu wa jaribio kubwa. Wafadhili walikuwa wameshachoka nasi. Wakasema waziwazi mbele yetu sote: mkionyesha msimu huu kwamba homoni yaleta tofauti, kazi itaendelea, msipoonyesha, chumba cha baridi kizimwe, mashine zipelekwe kwingine. Daktari angerudi kwenye mahindi yake yasiyozaa. Mimi nilikuwa kibarua, nina watoto wawili na mume anayetafuta kazi bandarini, ningerudi kusuka makuti. Kwa hiyo tulifanya kila kitu sawasawa. Tukauzoeza ukoka, tukaunyunyizia kutoka chupani, tukaugandisha, tukapima.

Ukoka wa hoteli ulionyunyiziwa ulivuja sawasawa na usionyunyiziwa. Hakuna tofauti. Nikapima tena, nikaosha vichupa, nikabadilisha betri ya mita, nikasoma Bismillahi, nikapima tena. Hakuna. Daktari alikaa juu ya lile debe lake, sweta mwilini, nje joto la kutokota. "Basi," akasema. "Basi ni chumvi tu, ama ni bahati. Homoni haifanyi kitu." Kila nikikumbuka jinsi alivyosema "basi" roho yaniuma.

Siku chache baadaye kulikuwa na maulidi ya wanawake Msambweni, nikaenda, maana hata mtu anayeachishwa kazi hula pilau. Nimekaa, namwona mamake Juma, Bi Riziki, anaingia. Anaingia kwa miguu yake! Bi Riziki huyo kila mtu alijua hatoki ndani, magoti yalikuwa yamevimba, amekunjamana kitandani mwaka mzima. Aliamkiana na watu, akaja moja kwa moja mpaka nilipo, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mwanangu Tumu, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Na yule daktari wenu pia, ingawa si Muislamu."

"Amin, Bi. Kwa lipi?"

"Kwa ile dawa yenu ya baridi."

Yarabi! Pilau ya watu sikuimaliza. Nikaenda mpaka getini kwa kituo, kwa miguu, kwenye jua la mchana, na Juma yuko kwenye kiti chake anachambua fenesi.

"Juma, umeichukua dawa kabatini?"

"Ipi?"

"Usiniulize ipi!"

"Aa, ya baridi? Kidogo kidogo tu, Bi Tumu. Mamangu ana baridi."

"Ile ni ya nyasi, Juma!"

"Ya nyasi ilikuwa ile ya kwanza, na haikuua hata jani moja. Hii imeandikwa ya baridi. Kaandika daktari mwenyewe."

Nikashika nguzo ya geti. "Na chupa mbona haikupungua?"

Akanitazama kama ninayemvunjia heshima. "Nilijazia maji kila nikichota. Mtu muungwana haachi chupa ya watu pungufu."

Nilipomwambia Daktari, aliinuka kwenye debe likaanguka. Kwa hiyo tulikuwa tumenyunyizia maji! Ukoka wa watu umekufa baridini umenyunyiziwa maji ya bomba! "Huyo anaenda nyumbani leo leo," akasema. "Leo leo!"

Nami nilikuwa nimejaa hasira za Juma, lakini hapo zikamgeukia yeye. Nikamwambia, "Akienda Juma, basi na aliyeiandika chupa aende naye. Nilikwambia, Daktari. Nilikwambia habari ya viungo ukaniuliza nani atakuja hapa na magoti."

Akasema pole pole, "Na aliyeandika ile ya kwanza?"

Nikaliinua lile debe, nikalisimamisha.

"Basi tutaondoka sisi wote tatu," akasema, "na kituo kitabaki na samaki." Tukaangaliana, tukacheka, kicheko cha watu waliokwisha. Juma hakufukuzwa. Lakini kucheka hakukutupa homoni. Unga mwingine ungechukua miezi kufika na wafadhili hawangengoja. Homoni ya kweli iliyobaki Kwale nzima ilikuwa kwenye chupa ya soda, nyumbani kwa Bi Riziki. Na wa kwenda kuidai alikuwa nani? Mimi, bila shaka. Daktari alisema yeye Kiswahili chake hakitoshi kwa kazi hiyo, na kwa mara ya kwanza tulikubaliana.

"Shikamoo, Bi Riziki."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Kunywa chai."

Ile chupa aliitoa mvunguni mwa kitanda, kaizungushia leso, maana alisema dawa ya maana haipendi jua. Na kweli, homoni ile mwanga huiharibu, sisi wenyewe tulikuwa tukiiacha juu ya meza. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikawa nazunguka. Mwisho akaniuliza:

"Nyasi nazo zaumwa baridi?"

"Ndiyo, Bi."

"Nyasi za nani?"

"Za watu wa bara, na ng'ombe wao."

"Huko bara hakuna hospitali?"

Nikamwambia, Bi, hii si dawa ya viungo. Kinachokupoza goti ni ile spiriti ndani yake, kama ile unayopakwa kabla ya sindano. Homoni yenyewe haikujui wala haikusaidii.

"Ikiwa ni spiriti tu," akasema, "wewe waitakia nini?"

Akaiweka chupa mapajani akaipapasa. "Tumu, mimi nilikuwa nabebwa mpaka chooni. Nabebwa na mwanangu wa kiume. Wamjua Juma, mvivu wa kufyeka, mvivu wa kila kitu, lakini ananibeba mamake usiku na mchana wala hasemi. Wajua aibu yake, mama kubebwa chooni na mwanawe? Nilikuwa naacha kunywa maji ili nisiende." Machozi yalinitoka, na nilikuwa nimekwenda pale na hasira zangu zote nimezifunga kwenye mtandio. Nikamwambia basi, Bi, iache. Sisi tutajua la kufanya.

Akanitazama kwa ukali. "Nani kakwambia naikatalia? Watoto wako watakula nini? Chukua. Lakini chupa yangu irudi, na irudi ina kitu ndani."

Daktari hakuiamini chupa iliyotoka mvunguni, na hapo alikuwa sawa. Akaniagiza mbegu za mchicha na visahani. Kisahani kimoja tukakitilia tone la chupa ya kabatini, kingine tone la Bi Riziki, vyote vimezimuliwa sawa, na cha tatu spiriti na maji tu. Homoni ya shida huizuia mbegu isiote, ndiyo kazi yake nyingine. Tukangoja. Mbegu za chupa ya kabatini zikaota zikanyooka, wala hazina habari. Za spiriti zikaota. Za Bi Riziki zikakataa kabisa, zikalala. Daktari aliviinua visahani kwenye dirisha akavitazama, akaniita nitazame, akamwita na Juma. Juma akasema, "Yangu imeua mbegu, ile yenu ya nyasi ilishindwa." Tulimfukuza, lakini hadi getini tu.

Homoni haikutosha ila kwa vyungu vichache. Tukavizoeza, tukanyunyizia kwa brashi ili tone lisipotee, tukagandisha, tukakata majani. Nilisoma mita. Ukoka wa hoteli usionyunyiziwa ulivuja vibaya. Ulionyunyiziwa ulivuja kidogo tu, ukaukaribia ule wa mikoko. Nikamwita Daktari asome mwenyewe, asije akasema nimesoma ninavyotaka. Akasoma. Akavua sweta, akalikunja vizuri, akasema, "Shikamoo, Mwanatumu." Ebo! Mtu mzima, mwenye mvi, ananiamkia mimi shikamoo. Mpaka leo hajui inakwenda upande gani. Nikaitikia marahaba, nifanyeje.

Tuliwaeleza wafadhili yote, na habari ya mvunguni vilevile, maana Daktari hakuwa mtu wa kuficha. Walikunja nyuso, wakataka irudiwe unga mpya ukifika. Ikarudiwa, ikawa vilevile. Chumba hakikuzimwa. Ndicho mlichonacho.

Ikabaki jina. Daktari akanipa kalamu. "Wewe ndiye mwenye lugha. Andika." Nilikaa na ile kalamu asubuhi yote. Homoni? Wasichana wa Ukunda wangekuja kuitafuta ya kunenepesha makalio. Sumu? Nani atanyunyizia sumu malisho ya ng'ombe wake? Mwisho nikaandika lile nililomwambia Bi Riziki: SI DAWA. Na imeandikwa hivyo mpaka leo, ndiyo asili yake, msije mkabadilisha kwa kujifanya mmesoma. Juma alipoiona alisema, "Kama si dawa mbona mwaifungia kwa kufuli?"

Na ile ya Bi Riziki niliirudisha, ndani nimetia spiriti na mafuta ya karafuu, na nje nikaandika vilevile SI DAWA, nisije kuwa mwongo mbele ya Mungu. Bi Riziki alijua kusoma herufi za Kurani, si hizi zetu, akamwuliza Juma pameandikwa nini. Juma akamjibu, "Pameandikwa mali ya Bi Riziki." Alijipaka, akanusa, akaniambia uso kwa uso, "Hii si yenyewe." Lakini aliendelea kwenda maulidini kwa miguu, na kila ilipoisha Juma alikuja nayo mlangoni kwangu, nami nikajaza, nikinung'unika, miaka na miaka, mpaka Mungu alipomchukua mwanamke yule.

Sasa mimi. Miaka yote ya kuingia na kutoka kwenye chumba kile, mkono kwenye friza, mkono kwenye maji ya moto, imenilipa. Vidole havifungi. Asubuhi siwezi kufunga kifungo, siwezi kukamua nazi, kikombe nakishika kwa viganja. Hospitali ya Msambweni wameniambia ni viungo, nimeze vidonge nifanye mazoezi. Binti yangu ananivalisha. Ananivalisha mimi, niliyemvalisha yeye! Ananifunga leso kiunoni na mimi natazama dari nisimwone usoni.

Juzi Juma amekuja. Naye amezeeka, hafyeki tena kitu, ndilo alilolitaka maisha yake yote. Ametoa chupa ya soda kwenye mfuko, ina mwandiko wangu wa ujana, umefifia lakini wasomeka. "Mamangu alisema, siku Tumu akianza kushikwa mkono, mpelekee."

Nimemwambia, Juma, hii ni spiriti na karafuu, nimeitia mimi mwenyewe, na nimeandika mimi mwenyewe, soma hapo, SI DAWA. Akasema, "Najua, Bi Tumu," akakaa, akafungua kizibo, akanishika kidole kimoja kimoja akanipaka.

Haisaidii kitu. Napaka asubuhi na jioni, na imebaki robo. Aliye na ufunguo wa kabati la spiriti aijua nyumba yangu. Na akitoka, aufunge ule mlango wa chumba cha baridi.